Stenti iliyofunikwa, stenti ya wavu, koili au klipu? Anza na matawi ya mshipa

Familia ikishaambiwa kwamba mgonjwa wao ana aneurizimu ya ubongo, swali la kwanza huwa ukubwa: ina milimita ngapi? Ni swali la haki. Lakini ukifika wakati wa kuchagua tiba, hasa ikitajwa stenti (mrija wa chuma unaowekwa ndani ya mshipa) iliyofunikwa, kuna swali jingine lenye uzito zaidi: pembeni ya uvimbe ule kuna tawi gani la mshipa, na tawi hilo linalisha sehemu gani ya ubongo? Ulinganisho huu ni kwa ajili ya watu wa Dodoma, Singida, Manyoni, Kondoa na Mpwapwa, ambao hukabidhiwa barua ya rufaa na kutakiwa kuamua jambo zito ndani ya siku chache, wakati mwingine ndani ya saa chache.

Aneurizimu ni sehemu ya ukuta wa ateri iliyodhoofika ikatuna. Takriban watu wazima 3 kati ya 100 wanayo, na wengi wao wataishi na kufa kwa mambo mengine bila kujua. Wenye presha isiyodhibitiwa na wavuta sigara wako hatarini zaidi, na wenye selimundu pia huipata zaidi ya wengine, jambo ambalo kwetu halisemwi vya kutosha. Ikipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo: kichwa huuma ghafla kuliko kilivyowahi kuuma, mgonjwa hutapika, shingo hukakamaa, wengine huzimia papo hapo. Hiyo ni dharura ya kukimbilia hospitali yenye mashine ya picha ya CT, na aspirini isitolewe.

Tiba zote nne ninazozilinganisha hapa, yaani stenti iliyofunikwa, stenti ya wavu, koili na klipu, zinatafuta mambo mawili kwa pamoja. Damu isiingie tena ndani ya uvimbe, na mshipa wenyewe pamoja na matawi yake viendelee kupitisha damu. La kwanza tiba zote zinaliweza, kila moja kwa kiwango chake. Kwenye la pili ndipo zinapoachana.

Stenti iliyofunikwa: nguvu yake na udhaifu wake vimetoka mahali pamoja

Ni mrija mfupi wa nyavu za chuma uliovikwa utando mwembamba usiopitisha damu. Ile inayojulikana zaidi kwa kazi ya ubongo ilibuniwa Shanghai, China, ikapewa jina la Willis, kwa heshima ya Thomas Willis, tabibu wa Uingereza aliyeieleza pete ya ateri iliyo chini ya ubongo katika kitabu chake cha mwaka 1664. Stenti hupitishwa kwenye ateri ya paja, ikapandishwa kwa katheta (mrija mwembamba) hadi mbele ya mdomo wa aneurizimu, kisha puto lililo ndani yake hujazwa ili itanuke na kubana ukuta wa mshipa. Ikikaa sawasawa, picha inayopigwa dakika hiyo hiyo haionyeshi uvimbe tena. Mdomo umeshazibwa.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo anayemwagilia kwa matone ataona haraka tatizo liko wapi. Bomba kuu likitoboka, ukapitisha kipande cha bomba jingine kwa ndani, maji yataacha kuvuja. Lakini kipande hicho kikipita juu ya tundu linalopeleka maji kwenye mstari wa mizabibu, mstari mzima utakauka. Utando wa stenti ni hivyo hivyo: unaziba mdomo wa aneurizimu na unaziba tawi lolote lililo kwenye urefu wake. Na unazunguka pande zote. Aneurizimu inaweza kuwa ukuta wa juu na tawi likawa ukuta wa chini, upande wa pili kabisa, na bado tawi likafunikwa. Jambo hili ndugu wengi hawalipati, kwa sababu kwenye picha ya filamu vitu hivyo viwili huonekana viko mbali.

Kwa hiyo lazima tuutembee mshipa wenyewe. Ateri ya karotidi ya ndani, inayopanda kutoka shingoni, ndiyo inayotajwa zaidi kwenye tiba hii. Ikipita ndani ya mfupa wa fuvu, na ikipita nyuma ya jicho ndani ya dimbwi la damu ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), haitoi matawi ambayo ubongo hauwezi kuyakosa. Hapo stenti iliyofunikwa ina nafasi ya kutua bila kumdhuru jirani, na kwa maoni yangu hapo ndipo nyumbani kwake.

Ikitoka hapo tu, hutoa ateri ya jicho. Ikifunikwa ghafla mtu anaweza kupoteza kuona, ingawa si kila mara. Jicho lina njia ya akiba, kwani matawi ya karotidi ya nje, yale ya usoni na ya utando wa ubongo, huungana na ateri ya jicho kwa nyuma. Daktari anaweza kulipima hilo kabla: anaziba kwa muda kwa puto huku mgonjwa akiwa macho, anapiga picha kupitia karotidi ya nje, anaangalia kama jicho bado linapata damu na anamuuliza mgonjwa anaona nini. Kipimo hiki, cha kuziba kwa puto, kinastahili kuulizwa kwa jina.

Milimita chache mbele kuna ateri unganishi ya nyuma. Kwa watu wengi ni tawi ambalo pete ya Willis inaweza kulifidia kutoka nyuma. Kwa baadhi yetu, hata hivyo, ateri hiyo ilibaki na umbo la tangu tumboni mwa mama, na ndiyo inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo karibu peke yake. Kuifunika kwa mtu wa namna hiyo ni kumsababishia kiharusi.

Halafu inakuja ateri ya koroidi ya mbele. Upana wake ni kama milimita moja, na kwenye picha mbaya huwezi hata kuiona. Inalisha njia ya neva inayoendesha mkono na mguu wa upande wa pili, njia ya hisia, na njia ya kuona. Ikizibwa, mtu anaweza kuamka kapooza upande mmoja, kafa ganzi upande huo huo, na nusu ya mandhari haioni. Hakuna njia ya akiba ya kuitegemea. Msimamo wangu hapa hauna kona: kama kuna shaka yoyote kwamba utando utaigusa ateri hii, stenti iliyofunikwa iwekwe kando na itafutwe njia nyingine.

Upande wa nyuma, kwenye ateri ya vertebra, inayopanda kwa nyuma ya shingo, jirani wa kumlinda ni ateri ya serebela (ubongo mdogo) ya chini na nyuma. Aneurizimu iliyo chini au juu yake inaweza kufunikwa, iliyo mdomoni pake isifunikwe.

Je, matawi yanalindwaje wakati wa kazi? Kwa kupima kabla ya kuingiza kitu chochote. Angiografia (picha ya mishipa) ya pande tatu huonyesha tawi linaanzia wapi hasa, na umbali kati yake na shingo ya aneurizimu, yaani mdomo wake, hupimwa kwa sehemu za milimita. Huchaguliwa stenti fupi kuliko zote zinazotosha, ili ukingo wake ukomee kabla ya tawi. Wakati mwingine waya mwembamba huachwa ndani ya tawi kama alama wakati stenti ikiwekwa. Kuna mvutano hapa ambao mgonjwa anastahili kuujua: stenti ikiwa fupi mno, damu hupenya pembeni ya utando na aneurizimu huendelea kujaa, ikabidi puto lijazwe tena au iongezwe stenti ya pili, na hiyo ya pili ndiyo inayoweza kulifikia tawi. Isitoshe, stenti zilizofunikwa ni ngumu kuliko nyingine. Karotidi ya watu wazima wengi, hasa wenye presha ya miaka mingi, imejikunja kama herufi S nyuma ya jicho, na stenti ngumu inaweza kushindwa kupita kona hiyo. Zile za moyo, ambazo hutumiwa mahali ambapo ya ubongo haipatikani, ni ngumu zaidi.

Mahali ambapo ningeipigania

Fikiria kijana wa bodaboda aliyeanguka barabara ya Singida bila kofia ngumu. Fuvu limepasuka kwenye sakafu yake na karotidi imechanika ndani ya lile dimbwi la vena. Wiki kadhaa baadaye jicho moja limekuwa jekundu, limejitokeza nje, na yeye mwenyewe anasikia mvumo kichwani unaokwenda na mapigo ya moyo. Au ametokwa damu puani kwa wingi mno, mara ya kwanza, mara ya pili. Kilichopo mara nyingi si aneurizimu ya kawaida yenye ukuta. Ni tundu, au uvimbe wa uongo ambao ukuta wake ni damu iliyoganda tu. Koili zikijazwa humo huweza kuusukuma na kuupasua. Stenti ya wavu inahitaji muda, na huyu hana muda. Stenti iliyofunikwa inaziba tundu siku hiyo hiyo na kuuacha mshipa wazi, na eneo lenyewe halina tawi la thamani. Bila kifaa hiki, njia iliyokuwa ikibaki mara nyingi ilikuwa kuiziba karotidi yote, na si kila ubongo unaostahimili hilo.

Hali ya pili ni aneurizimu ndogo bapa iitwayo ya lengelenge, inayotokea kwenye ukuta wa juu wa karotidi mahali pasipo na tawi. Ukuta wake ni mwembamba kiasi kwamba klipu huweza kuuchana, na koili hazina pa kushika. Stenti iliyofunikwa inaiziba mara moja. Lakini ukumbuke ule upande wa pili wa mshipa: ateri ya koroidi na ile unganishi zinaweza kuwa zinaanzia hapo chini yake.

Stenti ya wavu: tawi linabaki, subira inahitajika

Hii haina utando. Ina nyuzi nyingi nyembamba zilizosukwa kwa ukaribu, na kazi yake ni kuupunguza mwendo wa damu inayoingia kwenye uvimbe mpaka igande yenyewe, kisha ngozi ya ndani ya mshipa ikue juu ya nyuzi. Tawi lililofunikwa na nyuzi kwa kawaida hubaki wazi, kwa sababu lina ubongo mbele yake unaovuta damu, na damu hupenya matunduni. Aneurizimu haina pa kuipeleka damu, ndiyo maana inaganda na tawi haligandi. Sheria hiyo si kamili. Ateri ya jicho, yenye njia yake ya akiba, wakati mwingine hufungwa polepole, mara nyingi bila mgonjwa kuhisi.

Stenti ya kwanza ya aina hii kuruhusiwa Marekani, iitwayo Pipeline, ilipata kibali mwaka 2011 baada ya utafiti wa wagonjwa 108 wenye aneurizimu kubwa za karotidi. Baada ya miezi 6, asilimia 73.6 zilikuwa zimeziba kabisa bila mshipa wenyewe kubanwa sana. Kufika mwaka wa tano, kati ya waliopigwa picha, zilizoziba zilifika asilimia 95.2. Takwimu hizo zina pande mbili. Tiba inaimarika kadiri miaka inavyokwenda, na hilo ni jema sana. Lakini wapo wagonjwa waliokaa nusu mwaka na uvimbe ambao haujafungwa kikamilifu.

Kwa hiyo kwa aneurizimu isiyopasuka, yenye shingo pana, iliyokaa kwenye karotidi jirani na ateri ya jicho au ya koroidi, mimi ningeegemea wavu kuliko utando, bila kusita. Kwa iliyopasuka na inayotishia kuvuja tena wiki hii, subira hiyo ni gharama kubwa.

Koili

Nyuzi laini za platinamu hujazwa ndani ya tumbo la aneurizimu. Tawi la jirani haliguswi kama shingo ni nyembamba. Kwa iliyopasuka, koili ndiyo yenye ushahidi wa kutegemeka: utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002, wenye wagonjwa 2,143, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliofariki au kubaki wakiwategemea wengine walikuwa asilimia 23.7 kwa koili na 30.6 kwa upasuaji wa klipu. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa na hali nzuri tangu mwanzo na aneurizimu zinazofaa tiba zote mbili, kwa hiyo takwimu hizo si za kila mtu. Udhaifu wa koili ni kwamba takriban moja kati ya tano hufunguka tena kwa kiasi fulani, na karibu nusu ya hizo hutibiwa upya. Mgonjwa lazima arudi kupigwa picha.

Klipu

Fuvu hufunguliwa, na shingo ya aneurizimu hubanwa kwa nje. Walter Dandy aliifanya kwa mara ya kwanza mwaka 1937, Johns Hopkins, kwenye aneurizimu iliyo pale pale karotidi inapotoa ateri unganishi ya nyuma. Watu huikwepa kwa sababu ya neno kufungua fuvu, na ninawaelewa. Hata hivyo, kwa kulinda matawi klipu ina jambo ambalo hakuna stenti inalo: daktari anayaona matawi kwa macho, chini ya hadubini, na akiona ateri ya koroidi imebanwa anaitoa klipu na kuiweka upya. Kwa aneurizimu za ateri ya kati ya ubongo, mahali inapogawanyika, klipu bado inashikilia nafasi ya mbele.

Na kuna jambo la pili linalonifanya niitetee kwa watu wa mikoa yetu. Baada ya klipu hakuna miezi ya dawa mbili za kuzuia damu kuganda.

Dawa zinazokuja baada ya stenti

Hapa ndipo ningependa familia itulie na kuzungumza kwa uwazi. Stenti yoyote, ya utando au ya wavu, ni chuma ndani ya mshipa, na damu inataka kuganda juu yake. Kwa kawaida mgonjwa hupewa aspirini pamoja na klopidogreli kwa miezi 3 hadi 6 au zaidi, kisha aspirini huendelea. Kuziacha mapema, hata kwa sababu tu vidonge vimeisha na nauli ya kwenda mjini haijapatikana, kunaweza kuifunga stenti ghafla, na inayofungwa ni karotidi nzima, si tawi dogo tena.

Kama mama anaishi kijiji cha ndani Kondoa au Bahi, uliza kabla: klopidogreli inapatikana duka gani la dawa, nani atainunua kila mwezi, nani atahesabu vidonge? Kama jibu halipo, hiyo ni sababu halali kabisa ya kitabibu ya kuuliza kuhusu koili au klipu. Kuna watu pia ambao ini lao haliibadilishi klopidogreli kuwa dawa inayofanya kazi. Kipimo cha chembe sahani (chembe zinazogandisha damu) kinaweza kuwabaini, na ipo dawa mbadala. Omeprazoli, ambayo wengi hujinunulia kwa ajili ya vidonda vya tumbo, hupunguza nguvu ya klopidogreli. Mgonjwa anayeihitaji aombe pantoprazoli. Diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe, kwa maumivu itumike parasetamoli. Anayetakiwa kung'oa jino asiache dawa kwa ushauri wa mtu mwingine, ampigie kwanza aliyemwekea stenti.

Kwa aliyetoka kupasukiwa na aneurizimu, dawa hizi ni mtihani zaidi. Huenda akahitaji kuwekewa mrija wa kutoa maji kichwani, na kutoboa fuvu la mtu aliye kwenye dawa hizo kuna hatari ya kutoka damu.

Lipo pia chaguo la kungoja, nalo ni tiba ikifuatiliwa. Aneurizimu ndogo, chini ya milimita 7, isiyopasuka, iliyo mbele ya ubongo, mara nyingi ina hatari ndogo kiasi kwamba kudhibiti presha, kuacha sigara na kurudia picha ni busara kuliko kifaa chochote. Eneo la ateri unganishi ya nyuma ni tahadhari: hupasuka kwa urahisi zaidi, na kope likianguka huku mboni ikitanuka, usingoje.

Kutoka Dodoma

Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ina CT na MRI, kwa hiyo uchunguzi wa mwanzo hauhitaji safari. Kwa tiba ya ndani ya mishipa ya ubongo, wengi huelekezwa MOI, Taasisi ya Mifupa iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam. Aliyepasukiwa husafirishwa kwa gari la wagonjwa akiwa na muuguzi. Ambaye haijapasuka anaweza kwenda kwa treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, akiwa ameketi bila kutikiswa. Chukua CD ya picha zenyewe. Ripoti ya karatasi haimwonyeshi daktari tawi liko wapi.

Ukifika mbele yake, usione haya kuuliza, kwa adabu ile ile ya kwetu: "Shikamoo daktari. Naomba unionyeshe kwenye picha, karibu na shingo ya uvimbe wa mama kuna tawi gani? Stenti hii itapita juu yake? Likifungwa, mama atapoteza nini, na mmepima njia ya akiba?" Uliza kifaa kipo au kinaagizwa, na kama bima inalipia kifaa chenyewe au kulazwa tu, maana hivyo ni vitu viwili kwenye ankara. Uliza daktari ameshaweka stenti ngapi za aina hiyo ubongoni. Daktari mzuri hataudhika.

Na kabla hamjatoka wodini, hakikisheni kadi ina tarehe ya angiografia ya marudio, mara nyingi miezi 6 baadaye, jina na kipimo cha kila dawa, tarehe ya chini kabisa ambayo klopidogreli inaweza kuachwa, na jina la daktari wa Dodoma atakayempokea mgonjwa akipata kichwa kikali usiku.